Siku tisa Keflavík: volkano ilipokata maji ya moto

Haya niliyaandika kwenye simu vipandevipande, mengine nikiwa ndani ya blanketi na glavu mkononi. Sasa nimerudi Drammen, Norwei, nimeyapanga upya kwa kusaidiwa na picha na risiti. Nilikwenda kumwona mdogo wangu wa kike, anayesafisha ndege kwenye uwanja wa Keflavík, Aisilandi. Tangu Novemba 2023, mji jirani wa Grindavík ulipohamishwa watu wake wote kwa ajili ya volkano, karibu 3,800, nilikuwa naahirisha safari. Akanicheka kwenye simu: "Yaya," ndivyo anavyoniita mimi kaka yake, "mutoto wa Goma unaogopa mulima?" Nikakata tiketi.

Jumanne, 6 Februari 2024

Oslo tulichelewa saa moja na nusu. Theluji ilianguka usiku, na ndege zilipanga foleni kunyunyiziwa dawa ya kuyeyusha barafu mbawani. Safari yenyewe ni saa tatu kasoro. Kutua ndiko kulikonitoa jasho, maana upepo wa pale hauna adabu, unaipiga ndege ubavuni mpaka magurudumu yaguse chini. Mama mmoja kando yangu alifuma sweta mwanzo hadi mwisho, wala hakuinua macho.

Basi namba 55 linatoka uwanjani kwenda Reykjavík na linapitia kwetu. Kadi yangu ilikataa mara mbili. Dereva akaangalia begi langu, kisha viatu vyangu vya raba, akanipungia mkono niingie bure. Nadhani ni viatu vilivyomtia huruma.

Mdogo wangu anakaa Ásbrú, kwenye majengo yaliyokuwa kambi ya jeshi la Marekani hadi 2006. Korido ndefu, milango inafanana, bendera hakuna. Nilipoingia nilishangaa mambo mawili. La kwanza, joto lilikuwa la Uvira kabisa, mtoto anacheza na singlendi. La pili, nje ni nyuzi 6 chini ya sifuri na dirisha la sebuleni liko wazi! Nikalifunga. Mdogo wangu akapita, akalifungua. "Joto likizidi huku tunafungua dirisha, hatuzimi redieta." Mimi ninayelipa umeme Drammen nilihisi maumivu ya kweli.

Akanieleza. Kusini, chini ya kilima cha Þorbjörn, kuna kituo cha Svartsengi kilichoanza kazi miaka ya 1970. Wamechimba visima mpaka kwenye maji yanayochemka ardhini. Mvuke unazungusha mitambo ya umeme, na joto lake linapasha maji safi yanayosafiri kwa bomba hadi kwenye kila nyumba ya eneo hili. Mabaki ya maji hayo ndiyo yaliyozaa lile bwawa la buluu wanalopiga picha watalii. Yaani volkano ndiyo inayoosha vyombo. Kwetu Goma, Kongo, volkano yetu ya Nyiragongo haijawahi kutuchemshia hata chai.

Usiku tulikula sombe, yaani kisamvu, ya barafu niliyotoka nayo Norwei, na ugali wa muhogo. Unga nao ni wangu, kilo mbili. Hakuna aliyeniuliza kitu forodhani.

Jumatano, 7 Februari

Tulikwenda bwawa la kuogelea la mji. Anayefuata ajue mapema: kabla ya kuingia majini unaoga kwa sabuni uchi wa mnyama mbele ya wanaume wenzako, na ukutani kuna picha inayoonyesha sehemu za kusugua. Nilijaribu kuoga na kaptula. Mzee mmoja akanigonga bega kwa upole, akanyooshea kidole ile picha. Basi.

Lakini humo ndimo watu wanamoongea. Kuna vibwawa vidogo vya maji ya moto, nyuzi 38 kwenda juu, watu wanakaa shingo juu huku theluji inatua nywele zao zikageuka nyeupe. Yule mzee wa bega alikuwa mtu wa Grindavík. Nyumba yake haikuungua tarehe 14 Januari, lava ilipoingia mjini na kuteketeza nyumba tatu, ila ufa umepita uani kwake na barabara imezama. Aliniambia alivyoruhusiwa kwenda kuchukua vitu kwa saa chache, akafika, akasimama jikoni, hakujua achukue nini. Akatoka na mashine ya kahawa na picha za mkewe.

Nikamwambia ninakotoka. Hakuijua Goma, ila Nyiragongo aliijua. "Ile lava yenu inakimbia," akasema. Nikamwambia ndiyo, mwaka 2002 ilitukimbiza mimi nikiwa na miaka tisa. Akafikiri kidogo. "Hapa tulilala miaka mia nane." Ni kweli: rasi hii ya Reykjanes ilinyamaza karibu miaka 800, ikaamka Machi 2021, na mpaka siku hiyo ilikuwa imeshalipuka mara tano. Wanasayansi walikuwa wanasema ardhi ya Svartsengi imevimba tena na ya sita iko njiani.

Alhamisi, 8 Februari

Saa kumi na mbili na kitu asubuhi mlango ulifunguliwa. Mdogo wangu ametoka zamu ya usiku, hajavua hata kofia. "Yaya, amuka. Ni Alhamisi tena."

Hilo inabidi nilifafanue. Tarehe 17 Januari 2002, siku tuliyovuka mpaka kwenda Gisenyi, Rwanda, na godoro kichwani, ilikuwa Alhamisi. Tarehe 27 Mei 2021, serikali ilipoamuru sehemu za Goma zihame kwa hofu ya Nyiragongo na yeye akatembea mpaka Sake, zaidi ya kilomita ishirini, na mtoto mgongoni, nayo ilikuwa Alhamisi. Mimi si mtu wa mambo hayo. Yeye ndiye.

Tukatoka na mablanketi. Upande wa kusini mashariki mbingu ilikuwa ya rangi ya chungwa lililoiva, na chini yake mstari mrefu wa moto, unachezacheza. Ufa wa kilomita tatu, tulisikia baadaye. Kilichonitisha ni ukimya. Goma volkano ina kelele, na kelele nyingi ni zetu wenyewe: watu wanaita majina ya watoto, pikipiki, mabati. Hapa nilisikia sauti moja tu, ya jirani anakwangua barafu kwenye kioo cha gari lake. Anakwangua, anasimama, anaangalia moto, anakwangua. Kisha akawasha gari akaenda kazini.

Mdogo wangu alirudi ndani akaweka pasipoti, cheti cha mtoto na chaja ndani ya begi, akaliegemeza mlangoni. Hakuna aliyemwambia. Halafu akalala.

Jua hapo Februari linachomoza karibu saa nne kasorobo. Lilipochomoza moto ulipungua uzuri wake, ukabaki moshi na nguzo za mvuke mweupe. Lava ilikuwa imeshavuka barabara ya kwenda bwawa la buluu. Mnamo saa nne na nusu ikafika kwenye bomba la maji ya moto, lile lile linalotoka Svartsengi. Simu zote za jengo zikalia kwa pamoja: bomba linakatika, funga madirisha, punguza redieta, usioge, maji yaliyobaki kwenye matangi ni ya saa chache.

Ndipo nilipoelewa kwamba hofu yangu niliielekeza siko. Tangu nitue nilikuwa napima umbali kati ya kitanda changu na moto, kama tunavyofanya kwetu. Hakuna moto uliokuwa unakuja Keflavík. Kilichokuwa kinakuja ni baridi, nyuzi 10 chini ya sifuri usiku huo, na watu zaidi ya elfu ishirini hawana joto.

Adhuhuri nilikwenda dukani kutafuta hita ya umeme. Rafu ilikuwa nyeupe pee. Palibaki feni moja, na kijana wa duka alipoona naishika akaanza kucheka, nami nikacheka, tukacheka mpaka mameneja wakageuka. Nilinunua blanketi la sufu, mishumaa na thamosi mbili. Risiti inasema zaidi ya kroni 19,000. Ukienda Aisilandi wakati wa baridi, nguo za ndani za sufu nunua kwenu.

Ijumaa, 9 Februari

Shule imefungwa, mabwawa yamefungwa. Redieta nilizigusa asubuhi. Zilikuwa baridi kama mfereji. Ndani nyuzi 14.

Sasa hesabu za jikoni. Mamlaka ziliomba kila nyumba isivuke kilowati 2.5, maana umeme ukizidiwa na hita za kila mtu, nyaya za mitaa zitaungua na hapo ndipo utalia kabisa. Hita moja inakula kilowati mbili. Birika la umeme mbili na kidogo. Sahani moja ya jiko karibu mbili. Kwa hiyo ni kimoja tu kwa wakati. Mpwa wangu, ana miaka saba, alibandika karatasi kwenye friji na kuchora jedwali: picha ya hita, picha ya birika, picha ya sufuria, na kando yake saa. Akawa msimamizi. Ukisogelea birika hita ikiwa inawaka anapiga kelele, "Mjomba, hapana!" Tulipika maharage kwa awamu tatu kama watu wanaojenga nyumba kwa mshahara.

Lakini hita yenyewe tuliipataje? Ghorofa ya chini wanakaa mume na mke wa Poland, wote zamu ya usiku. Saa moja jioni yule bwana aligonga mlango ameshika hita, waya ameuviringa vizuri. Kiingereza chake na changu havifiki mbali. Akaonyesha hita, akaonyesha saa: saa moja jioni, saa mbili asubuhi. Akaonyesha chini, akatikisa kichwa: nyumbani hakuna mtu. Yaani wakati wao wako kazini hita ikae kwetu. Na ndivyo ilivyokuwa siku nne mfululizo. Asubuhi naishusha, jioni anaipandisha. Asubuhi ya kwanza niliishusha na bakuli la maharage juu yake. Jioni ikapanda na supu ya kabichi.

Saa nne usiku kukatokea jambo koridoni. Vijana wa mlango wa mwisho waliingiza jiko la kuchomea nyama, la makaa, wameliwasha, wanataka kulisogeza ndani. Mdogo wangu alitoka mbio. Kwetu mtoto akijua kutembea anafundishwa mazuku, ile hewa mbaya inayotoka ardhini kwenye mabonde karibu na ziwa, haina rangi, inaua mbuzi kwanza kwa sababu ni wafupi. Hewa ya makaa ni nyingine, ila nayo haibishi hodi. Hakupoteza muda kueleza. Alilishika kwa taulo akalitoa nje kwenye theluji mwenyewe, vijana wanamfuata nyuma wanaomba radhi. Kisha akawaita wakae kwetu. Tukawa watu sita kwenye chumba kimoja na hita ya Mpoland, na niwaambie, watu sita ni hita nyingine.

Kwa anayefuata: chagueni chumba kimoja kidogo, godoro chini, blanketi moja lining'inie mlangoni. Maji ya baridi yalikuwa yanatoka kama kawaida na ni ya kunywa, hivyo usinunue ya chupa. Jaza thamosi zote kabla ya kuwasha hita.

Jumamosi, 10 Februari

Habari mbaya za asubuhi. Bomba jipya la dharura, lililounganishwa usiku na mchana, limepasuka chini ya lava. Itabidi walaze jingine, juu ya lava yenyewe ambayo bado ina moto tumboni. Ndani nyuzi 11. Mlipuko wenyewe, kumbuka, ulikuwa umeshatulia. Moto wa siku moja ukatuachia baridi ya siku nne.

Tukaamua kwenda Reykjavík kuoga. Ndiyo, kuoga. Basi 55, watatu sisi, kama dakika 75 kwa sababu ya theluji iliyotapakaa barabarani kama unga. Kutoka barabara kuu ukiangalia kusini unaona mvuke umesimama wima, upepo hata haukuwepo kwa mara ya kwanza. Dereva akapunguza mwendo kila mtu apige picha. Nilipiga kumi na saba, zote zina kivuli cha pua yangu kwenye kioo.

Reykjavík haitegemei bomba lile, kwa hiyo huko maisha yanaendelea, watu wanakula soseji kwenye foleni. Bwawani mhudumu alipoona anwani ya Ásbrú kwenye kadi ya mdogo wangu hakutoza. Nilivua nguo zote haraka kuliko Mwaislandi yeyote. Tulikaa kwenye maji ya moto saa mbili mpaka vidole vikakunjamana kama tende. Mtoto alilala njiani kurudi, nikambeba kutoka kituoni. Mzito kuliko lile godoro la 2002.

Tulinunua pia samaki mkavu, harðfiskur. Ukitaka kumwelewa fikiria makayabu, wale samaki wetu wa chumvi, yaliyosahau chumvi, unayapaka siagi. Mdogo wangu anayapenda. Mimi nilitafuna kipande kimoja kuanzia Reykjavík hadi uwanja wa ndege.

Jumapili tulilala, tukapika, tukalala tena.

Jumatatu, 12 Februari

Kumbe leo ni Bolludagur, siku ya mandazi. Jumatatu ya mwisho kabla ya Kwaresima Waaislandi wanakula mikate midogo iliyojazwa krimu na jamu, chokoleti juu. Keflavík haina joto lakini foleni ya duka la mikate ilitoka mpaka nje, watu wana makoti ya kuvulia samaki. Kimoja kroni 600 na kitu. Mama mbele yangu alinunua ishirini. Nikafikiri ana wajukuu. La, alikuwa anawapelekea mafundi wa bomba, na aliponiona nimebeba viwili tu akanitilia cha tatu kwenye mfuko: "Cha mtoto." Sikuwa nimemtajia mtoto, labda nina sura ya mjomba.

Mchana ujumbe ukaja: bomba la juu ya lava limeshika, maji yanaelekea kwenye matangi. Msifungulie kwa pupa, nyumba zitachukua hadi siku mbili kupata joto.

Usiku, kama saa tano, tumelala wote chini. Redieta ikakohoa. Kisha ikatoa sauti ya mtu anayekunywa uji kwa bakuli. Mpwa wangu alifika kabla yetu, akaweka shavu juu yake. "Bado baridi." Dakika kumi. "Bado." Mdogo wangu akamwambia lala. Akabaki pale kichwa kimeegemea chuma. Saa sita na nusu niliguswa bega gizani: "Mjomba, kama ya ng'ombe." Ndiyo, joto la ubavu wa ng'ombe, hafifu lakini hai. Mahali gani amegusa ng'ombe sijui. Masisi, kule milimani karibu na Goma, aliondoka mdogo sana.

Jumanne ilikuwa siku ya nyama ya chumvi na supu ya njegere. Kila nyumba inanukia hiyo, na leo kila nyumba ilikuwa na jiko lake. Hita niliishusha kwa mara ya mwisho. Mpoland akaipokea, akafuta vumbi kwa mkono wa sweta, akaiweka kabatini.

Jumatano, 14 Februari

Siku ya Majivu. Sisi Wakatoliki tunajua majivu ya kwenye paji la uso. Hapa ni siku ya watoto, wanavaa mavazi ya kuigiza, wanapita dukani kwa duka wakiimba na kupewa peremende. Nilitegemea mpwa wangu ataniomba mavazi ya buibui-mtu. Akaomba kizibao cha njano cha kazini cha mama yake, kofia ngumu ya jirani, na bomba la karatasi. Fundi. Nikahesabu mafundi wengine wanne mtaani wakati nasubiri basi.

Ndege ilikuwa ya saa kumi jioni. Nilifunga begi, nikaacha ile blanketi ya sufu na thamosi zote mbili. Sebuleni palikuwa pamepata joto, nyuzi 21, mdogo wangu amevaa tisheti anapiga pasi sare ya zamu. Nilipokuwa navaa raba mlangoni, karibu na lile begi la pasipoti ambalo hajaliondoa, nikahisi upepo kwenye shingo.

Dirisha lilikuwa wazi.